Kilomita za Mwaitu

Siku treadmill ilipoletwa kwetu, nje kidogo ya Emali, mama alikuwa anaanika ndengu. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama Ukambani. Sukari ilikuwa imeshamkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na daktari akamwambia atembee kila siku au wakate kingine. Akainunua ile mashine second-hand kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Akatembea juu ya mkanda wake siku mbili. Ya tatu akaanika leso juu yake. Treadmill nyingi za nyumbani huishia hapo, stand ya nguo inayotumia stima.

Mimi nilikuwa na shughuli zangu, yaani sikuwa na yoyote. Degree ya Statistics, second upper, na huu ulikuwa mwaka wa nne nikihesabu kuku. Kila nikiitwa interview, asubuhi ya siku yenyewe nashikwa na homa, ama nafika ofisi zimefungwa. Watu wa kwetu wakasema Nthiwa ni mvivu. Karibu niwaamini.

Halafu Jumapili moja, baada ya kanisa, mwaitu akatoa zile leso akaniita.

"Panda wewe. Kitu kisipotembezwa kinakufa."

"Si daktari alisema wewe?"

"Miguu yangu imechoka. Yako inalala bure. Na uvue viatu, vitakula mkanda."

Basi ikawa kila asubuhi baada ya chai, nusu saa, miguu mitupu. Sitadanganya, niliipenda. Kilikuwa kitu cha kwanza kwa miaka minne kunionyesha progress, hata kama ni ya kutoka ukutani kwenda ukutani. Mwaitu alikaa mlangoni na kikombe chake, akisoma kilomita kwa sauti kama mistari ya Zaburi. Nikiruka siku, hali chakula. Nikasema, ona mama anavyonijali. Nikimaliza alikuwa anaupapasa mkanda polepole, vile mtu hupapasa tumbo la mtoto mgonjwa.

Ijumaa moja Ismahan akapiga simu. Tulisoma naye campus.

"Wewe, acha kulala. Kazi ya data iko huku Garissa. Boss anataka mtu Jumatatu saa mbili. Usipofika anachukua mwingine, na mimi sitakutetea tena."

Nikamwambia mwaitu. Akasema Mungu ni mwema. Akaongeza chai. Kisha akauliza kama nitatembea kwa mashine kwanza.

Jumapili asubuhi nikabeba begi. Kutoka kwetu hadi stage ni dakika ishirini: unapita posho mill, unapita kinyozi ya Kisilu, unaona lami. Nikapita posho mill. Nikampungia Kisilu mkono. Lami sikuiona. Nikaona posho mill.

Nikajiambia ni jua. Nikaendelea.

Posho mill. Kisilu. Posho mill.

"Boss, leo umesahau nini?" Kisilu akaniuliza kutoka kwa kiti chake cha nje.

"Kwa nini?"

"Unapita mara ya nne. Na kila mara unatoka upande wa kwenu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akasogea karibu, akanong'ona.

"Nthiwa. Angalia chini."

Vumbi la pale ni laini kama unga. Kulikuwa na kwato za mbuzi. Tairi za boda. Viatu vya watu wa kanisa. Alama ya viatu vyangu, hakuna hata moja.

Nikarudi mbio. Njia ya kurudi ilikuwa fupi sana. Dakika tatu.

Mwaitu hakuwa ameenda kanisani. Chai ilikuwa mezani. Vikombe viwili.

Nikachukua kisu nikakata waya wa stima. Nikachukua spana, nikalegeza mkanda, nikauinua. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, umeshindiliwa. Ndani ya udongo, nyayo. Vidole vyangu. Lile kovu la jembe kwenye kisigino changu.

"Mwaitu, hii ni nini?"

Angekataa, ningemsamehe. Hakukataa.

"Kimeu alienda Qatar, hata simu hapigi," akasema, sauti ya chini. "Mutindi alirudi kutoka Nairobi ndani ya jeneza. Barabara imenilia watoto wawili. Wewe nilikuzolea nyayo siku ya graduation."

Nikaikumbuka ile siku. Mbuzi wamechinjwa, wageni wanaondoka, na mwaitu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, anafagia uwanja peke yake, anakataa kusaidiwa. Niliwaambia marafiki zangu, oneni mama.

"Nilizificha kwa mkebe. Miezi michache iliyopita mundu mue akasema zinakauka, na zikikauka utaenda. Lazima zikanyagwe na mwenyewe, kila siku."

Mundu mue ni mganga. Mwaitu, anayeongoza maombi ya Jumatano, na mundu mue. Miaka minne. Na miezi hii ya mwisho aliniwekea kufuli mkononi, nikaifunga mwenyewe, kwa jasho, huku akinihesabia.

"Uliwaacha waniite mvivu."

"Mvivu yuko hai," akasema.

Nilizoa ule udongo kwa leso yake, wote. Njia ikanifikisha lami. Nikaumwaga katikati, malori yakaupeperusha. Sikumuaga. Jumatatu saa mbili nilikuwa Garissa.

Kazi ninayo. Lakini juzi Kisilu amenipigia.

"Boss, mamako anatembea kwa ile mashine. Miguu mitupu, asubuhi hadi jioni. Kanisa ameacha."

"Inatembeaje? Waya nilikata."

"Waya uko hapo, umekatika. Lakini kilomita zinasonga. Nimeziona na macho yangu."

Akanisomea namba. Nikapiga hesabu, hatimaye Statistics imenifaa. Kutoka Emali hadi mlango wangu, zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

Leo nimeamka nikakuta udongo mwekundu kwenye simiti ya chumba, bado una unyevu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nyayo zinaanzia hapo mlangoni. Mguu wa kulia, vidole vitano. Wa kushoto, vinne. Zimekuja hadi kando ya kitanda, zikasimama, zimeelekea mto wangu.

Nimetafuta zinazotoka. Hakuna.