Jina la Shangazi Aliyezama

"Cibalonza!" mama aliita akiwa kwenye moto, na sauti mbili zikaitika. Moja ilikuwa ya binti yake, aliyekuwa uani anaanua nguo. Nyingine ilitoka nyuma ya mlango wa chumba, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye maji kooni. Ulikuwa mchana mweupe. Mama alidhani ni mwangwi wa mlima, maana huko Kadutu nyumba zimebebana mgongoni na kikohozi cha jirani hulala kwako. Akaendelea kukoroga bugali.

Binti hakudhani hivyo. Jina lile alikuwa nalo kwa miezi michache tu. Tangu ubatizo aliitwa Valérie, hadi wakubwa wa Zaïre walipoamua kwamba majina ya Kikristo ni ya wazungu, wakawavua wanaume tai na watoto majina kwa pigo moja. Baba yake, karani wa serikali, hakutaka kuonekana wa mwisho. Alimpa jina la kwanza lililomjia kichwani, nalo lilikuwa la dada yake, aliyezama ziwani akivuka kutoka kisiwa cha Idjwi na mikungu ya ndizi. Mwili haukupatikana. Kwa hiyo hakukuwa na kilio wala matanga, na yule Cibalonza wa kwanza hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba amekufa.

Sasa alikuwa anaitwa kutwa nzima, aje ale, aje achote maji, aje afagie. Basi akaja. Wewe ungeitwa hivyo usingekuja?

Ilianza harufu, ya maji ya ziwa na ndizi zilizooza. Kisha kigoda cha jikoni kikawa hakikauki. Kisha binti akamwona shangazi ameketi juu yake, kitenge kinachuruzika, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri kutumwa. Binti hakupiga kelele. Siku za kwanza aliogopa, halafu woga ukaondoka wenyewe na kumwacha ganzi, kama mguu uliolaliwa. Alifagia akimzunguka. Alichokiona akashindwa hata kukililia ni hiki: kila walipoitika pamoja, sauti yake ilikuwa inapungua, na ile nyingine inanenepa. Siku moja baba aliporudi kazini alikisalimu kigoda, akampita yeye mlangoni.

"Mama," alinong'ona, "kuko mutu anaitikaka pamoja na miye."

Mama alifunga mlango kwanza. "Mutu gani?"

"Iko analowana. Ananuka ziwa. Ukiita Cibalonza, yeye njo anakuyaka."

Mama aliketi chini, mikono kichwani. Kesho yake akaenda kumwita Koko Apolline, mganga kutoka Bunyakiri, bibi ambaye hakuna karani aliyethubutu kumbadilishia jina. Koko alinusa kigoda, akatikisa kichwa.

"Hakukuya kwa ubaya," alisema. "Munamwita, anakuya. Mumuzike." Akawaelekeza wakate mgomba, waufunge kitenge, waulie na kuuzika kama maiti. Halafu akamgeukia baba, akashusha sauti. "Lakini mutoto iko ndani ya lile jina, na weye njo ulimutia mule. Mukisha kufukia, umwite kwa jina lake la zamani. Kwa sauti, bantu bote basikie. Usipoita, udongo hautajua ubebe nani."

"Nitaita, Koko," baba alisema. Akaweka mkono kwenye kichwa cha binti yake. Mkono ulikuwa na joto, na binti akasikia kitu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alisikia hamu ya kubaki.

Walizika alasiri, nyuma ya nyumba. Majirani walijaa, kwani kilio hakingoji mwaliko. Alikuja pia mkubwa wa chama wa mtaa, beji kifuani, akasimama bega kwa bega na baba kumpa pole. Wanawake wakalia, "Cibalonza! Cibalonza umetuacha!" na binti akasikiliza analiliwa, huku yule mwingine amesimama kando yake, amemshika mkono kwa vidole vya baridi, na udongo ukaanguka juu ya mgomba, ukaanguka tena, na harufu ya ziwa ikapanda mpaka ikamjaa kinywani, na kilio kikanyamaza, na baba akafungua mdomo, akamtazama Koko, akaitazama ile beji, akaiona kazi yake inaondoka kwa jina moja la Kikristo, akalimeza.

"Cibalonza," alisema baba polepole. "Kuya nyumbani."

Vidole vya baridi vikamwachia. Yule mwingine akatembea hadi kwa baba, na baba akamkumbatia akilia, shati lake likalowa lote. Koko Apolline alichukua fimbo yake, akateremka mlima bila kuaga.

Jioni mama aliita kutoka kwenye moto. Sauti moja ikaitika.

"Umelowana, mutoto wangu," mama alisema kwa upole. "Sogea ku moto." Akakiwekea kigoda sahani.

Binti alisimama mlangoni akiwatazama. Haikumuuma. Hakuogopa tena kuona wafu; walikuwa watu tu, waliokuwa wanangoja kuitwa, na yeye alikuwa na muda wa kungoja.

Wakati mwingine mama, akiosha vyombo, hutamka "Valérie" kwa kunong'ona, bila kujua jina hilo limetoka wapi.

"Niko hapa!" binti huitika, kwa nguvu zake zote.

Mama haachi kusugua sufuria. Baba ndiye huinua kichwa. Husikia. Husimama, akachungulia barabarani kama kuna mwingine aliyesikia, kisha akafunga dirisha.