Fundi Cherehani wa Ubeti wa Tatu

"Zima hiyo redio, mume wangu, chakula kinapoa."

"Subiri kidogo. Kuna mtu ameuimba wimbo wetu kwa Kiswahili!"

Bakuli nusura linidondoke.

Mume wangu ni fundi redio, na wimbo wetu ni ule wa kantri wa zamani, wa dereva wa lori aliyekwama mbali na kwake. Alikuwa na rekodi zake kwa sauti saba tofauti: ya mzee aliyeuimba kwanza, ya mwanamke na kinanda chake, hadi ya kwaya. Kila Jumapili tulizisikiliza zote. Lugha ya wimbo huo siijui hata salamu, hivyo tangu uchumba yeye ndiye aliyenitafsiria. Niliupenda ubeti wa tatu, maana humo dereva anamwimbia fundi cherehani. Mimi nashona. Nilivimba kichwa kweli!

Sasa sauti ya nane ilitoka kwenye redio ya mteja, iliyofunguliwa nyaya nje juu ya meza yake ya kazi:

"Fundi cherehani, usifunge mlango,
hata kama shati halijaisha, nitalivaa hivyohivyo."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Kofia, mwimbaji wa bendi ambaye namshonea mashati, na ambaye kwa miezi minne sikuwa namshonea mashati tu.

Mume wangu aliweka bisibisi chini.

"Hongera!" mtangazaji akasema redioni. "Ila tueleze, huyu fundi cherehani umemtoa wapi? Kwenye wimbo wa asili hapo pana farasi aliyekufa."

Kofia akacheka. "Farasi? Mimi nilifundishwa hivyo na mtu wangu wa karibu."

Farasi? Nilimtazama mume wangu. Hakunitazama. Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe pale mezani, na mkono wake ulikuwa karibu kuliko wangu.

"Mteja Mashati," alisoma jina. Kisha akasoma ujumbe wenyewe polepole: "Umenisikia mpenzi? Ubeti wetu umewaua watu! Jioni njoo tusherehekee."

"Mume wangu, naomba nikueleze..."

"Ulimwimbia wapi?"

"Nilidhani ni wimbo wa watu wote. Nilidhani kila mtu anaujua!"

"Sijauliza ulidhani nini. Wapi?"

Nikaliweka bakuli mezani.

"Kwake," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeonyeshwa waya uliokatika.

"Kwa hiyo ule ubeti..." nikaanza. "Fundi cherehani ni nani?"

"Unashona siku zote, hujui?"

"Uliutunga wewe?"

"Siku ile ya kwanza uliniuliza hapo anasema nini. Ningekwambia farasi amekufa? Nilikuwa natafuta mke mimi."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Miaka kumi na moja! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi mno kujikuta kwenye wimbo wa dunia nzima. Niliona nikisema ni mimi tu, utaona ni kitu kidogo."

"Nisamehe. Leo hii namwacha, mbele yako. Nipe simu."

"Chukua." Alinisogezea. "Lakini mimi uniache pia. Ningesikia umelala naye tu, labda ningekaa chini, tuzungumze. Ila umempa na lile neno langu, analiimba mjini kote. Nitalizima wapi?"

Alifunika bakuli bila kuonja, akachukua bisibisi, akainamia redio ya mteja. Nilisimama mlangoni hadi miguu ikachoka. Hakuinua uso.

Sasa naishi kwa dada yangu mkubwa, cherehani yangu iko barazani kwake. Kofia nilimfungia namba siku ileile. Mume wangu nimempigia mpaka nimeona aibu. Alipokea mara moja tu.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado."

"Kula," akasema, akakata.

Wimbo umekuwa moto. Unapigwa kwenye harusi, kwenye maduka, kwenye simu za watu. Juzi mteja mmoja aliingia akiuimba, akachezesha mabega mbele ya cherehani yangu.

"Dada, huu si umeandikwa kwa ajili yako kabisa!"

Dada yangu akaacha kufagia, akanitazama.

"Nyoosha mkono nikupime," nikamwambia yule mteja.