Mstari Mweupe wa Mama Rula

Msimamizi wa karakana alikuwa amelala maiti chini ya injini ya tani mbili, kofia ingali kichwani. Juu yake shafti, chuma kirefu kinachozungusha winchi ya kuinulia mizigo, ilikuwa imekatika vipande viwili.

Inspekta alipofika, naibu wa marehemu alishapata mkosaji.

"Ni mwendesha winchi, afande. Kila siku anazidisha mzigo. Jana jioni niliikagua shafti, imejisokota. Ule mstari wake umezunguka kama parafujo!"

"Una hakika?"

"Kwa macho yangu haya."

Mwendesha winchi akawekwa mahabusu. Kila Jumatatu alichora mstari mweupe ulionyooka, mwanzo hadi mwisho wa shafti, kama marehemu baba yake alivyomfundisha. Chuma kikizidiwa hujisokota, na mstari hupinda nacho. Wenzake walimcheka, wakambandika jina la Mama Rula. Sasa binti yake alikuwa analia kwenye benchi la kituo, na Inspekta alikosa raha.

Alivipeleka vipande maabara. Fundi wa vipimo, mzee mwenye maneno mengi, alikata sehemu isiyoharibika ya shafti, akaichorea mstari, akaibana kwenye mashine ya kusokota. Mstari ukapinda, ukazunguka mara moja, mara mbili, ndipo chuma kikakatika.

"Kinaweza kujinyoosha tena?" Inspekta aliuliza.

"Wapi, bwana! Maji yakimwagika hayazoleki."

Inspekta akavigeuza vipande vya winchi. Mstari wa Mama Rula ulikuwa umenyooka hadi penye mvunjiko. Na hapo, upande wa chini, alipopangusa grisi, aliona alama za msumeno. Aliruka kwa furaha mpaka mzee akamcheka.

"Rudia," alimwambia naibu aliporudi kituoni. "Jana jioni mstari ulikuwaje?"

"Umezunguka."

Inspekta akaiweka shafti mezani. "Nionyeshe."

Naibu alitazama. Akaufuata mstari kwa kidole hadi penye mvunjiko: umenyooka.

"Na msumeno huu tumeutoa kabatini mwako. Meno yake yanalingana na alama hizi."

"Miaka kumi na moja nimekuwa naibu!" alifoka. "Kazi nifanye mimi, sifa apate yeye! Nilijua hukaa chini ya injini inapoinuliwa, akiielekeza kwa mkono. Nikaikata shafti hadi nusu ya unene wake. Nilidhani ikivunjika, mstari utapinda wenyewe."

"Ungemuuliza Mama Rula."

Alasiri hiyo binti alimkumbatia mama yake mlangoni mwa kituo, wakacheka na kulia pamoja.

Jumatatu shafti mpya ilifungwa. Karakana nzima ilisimama ikitazama brashi, na kopo la rangi alilishika Inspekta mwenyewe.

"Usitikisike, afande," alisema Mama Rula. "Utaniharibia mstari."