Urefu wa Twiga

"Sindano, chumvi imezidi."

Sauti ya Mkuu wake wa kazi ilipenya kwenye spika iliyofichwa ndani ya hereni ya kushoto. Maana yake: askari wamechelewa, jitegemee.

Sindano hakugeuka. Angegeukaje? Nyuma ya kisogo chake kulikuwa na bastola aina ya Glock, na nyuma ya Glock alikuwepo Bonge, mlinzi mwenye shingo pana kuliko kichwa.

"Piga kazi, dada. Usinichoshe."

Sindano, jasusi wa serikali, aliingia karakana ya genge moja akijifanya fundi wa michoro ya kompyuta. Genge lilikuwa limekodiwa na wageni lifungue lango la bwawa, maji yazoe bonde zima. Bondeni kulikuwa na watu maelfu, na mmoja wao ni mama mkwe wake, aliyeombwa ahame kidogo akajibu: "Kuku wangu nimwachie nani? Wewe?"

Ufunguo wa lango ulikuwa mmoja tu. Genge halikuwa nao. Lilikuwa na picha: kiongozi wao, akijifanya mgeni wa heshima, amesimama wima bwawani na ufunguo mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Sindano alitakiwa auchore ufunguo ule kutoka pichani, ukakatwe upya.

Watu wake walimwita Twiga. Aliwaamuru wamwite hivyo.

"Picha haina vipimo," Sindano alisema. "Nipe urefu wa kitu kimoja tu, programu itanipa vingine vyote."

"Kitu chenyewe ni mimi," Twiga akajibu, amesimama kando yake. "Futi sita kamili."

Bonge akatazama dari. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye mshahara huambiwa asitazame.

Sindano akamvuta Twiga wa kwenye skrini mpaka akafika sentimita mia na themanini na tatu. Ufunguo ukakua naye. Ukimkuza mtu, unakuza na alichoshika. Kisha akapima kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake. Kadi za namna ile ni saizi moja dunia nzima, milimita themanini na tano na ushee.

Hii ilisoma tisini na mbili.

Akashusha macho kwenye viatu vya Twiga wa pichani. Visigino hivyo! Ungeweza kuficha redio mle ndani.

Basi na ufunguo ulikuwa umenenepa; akauacha hivyohivyo. Akatuma faili kwenye gari lao lenye mashine ya kukata chuma, na Twiga akaondoka nalo kwenda bwawani.

Haikupita saa, redio ya Bonge ikakoroma.

"Hauingii! Mnene! Mpe huyo mwanamke redio!"

"Bosi," Sindano alisema taratibu, "nipe urefu wako halisi, pamoja na visigino. Nitapunguza ufunguo kwa kadiri hiyohiyo, nikutumie faili sasa hivi."

Bonge alijua kusoma namba, na safari hii angeikodolea skrini macho. Twiga akisema kweli, bonde limekwisha.

Redioni vijana wa Twiga walikuwa wanasikiliza. Mmoja alikohoa.

"Bosi?" Sindano akauliza tena.

"Futi sita."

"Basi ufunguo ni sahihi, bosi. Labda lango ndilo limepungua."

Mtu akacheka kule.

"Nani huyo? Wewe? Njoo hapa tupimane! Mgongo kwa mgongo!"

Na kweli wakapimana, lango likiwa limefungwa nyuma yao. Hivyo ndivyo askari walivyowakuta.

Bonge, maskini, aliinama asikie vizuri. Cheko likamtoroka. Bastola ikashuka.

Kiwiko kooni. Kibodi usoni. Glock ikabadilisha mwenyewe.

"Lala kifudifudi, kaka. Usinichoshe."

Jioni simu ya Mkuu ilimkuta Sindano barabarani.

"Tumempima kituoni, pekupeku. Futi tano na inchi nne."

"Amekiri?"

"Yote. Waliomtuma, njia zao, majina. Urefu tu ndio anakataa."

Sindano akakata simu, akavaa miwani ya jua ingawa jua lilishatua, akaenda zake kununua mtama wa kuku.