Ratili Kumi na Moja

Asubuhi ile ya Jumatatu, mwaka wa sabini na moja, Sista Nanyama alikuta mizani ya watoto haina kitu juu yake, lakini mshale umesimama kwenye kumi na moja. Akaurudisha sifuri. Kabla hajafunga aproni, ukateremka tena polepole, na sinia ikalia kwi, kama inavyolia mama anapomlaza mtoto juu yake.

Zahanati ilikuwa ndogo, nyuma ya mtaa wa Section 58, na siri yake ilijulikana na watu wawili tu. Mizani ilikuwa ya zamani, ya ratili. Chati mpya ya dawa, pale ukutani, ilikuwa ya kilo. Hakuna aliyejisumbua kuzipatanisha. Wiki iliyotangulia Nanyama alisoma kumi na moja, akaandika kilo kumi na moja, akamdunga mtoto wa mama mmoja, Akeyo, dawa ya malaria zaidi ya maradufu. Mtoto wa miezi mitatu, kilo kumi na moja! Macho yalikuwa wapi? Foleni ilikuwa ndefu, ndiyo, lakini foleni haidungi mtu sindano. Saa sita mchana ule ule mtoto akafa. Daktari Makokha, mkubwa wa pale, akamwambia aandike homa kali, naye akaandika, maana kazi ile ndiyo iliyolisha watu saba nyumbani.

Akaitwa Jasbir, fundi wa mizani. Akafungua, akapangusa, akafunga.

"Sista, spring iko sawa kabisa," alisema, na mshale ukashuka mbele ya macho yake. Alizoa vyuma vyake akaondoka bila kuaga.

Ndipo Makokha, mlokole yule, akamleta kwa siri mwalimu wa madrasa wa mtaa wa Bondeni na chetezo chake. Ubani ukafuka, lakini chumba kikazidi kunuka maziwa ya mama yaliyochacha.

"Huyu si jini," mwalimu alinong'ona. "Jini ningemfukuza. Huyu anangoja mama yake aambiwe ukweli."

"Ukifungua mdomo, kazi huna," Makokha akamwambia Nanyama.

Nanyama akarudi kwenye foleni. Mizani ikafungiwa stoo, ikaagizwa mpya, ya kilo, ilingane na chati. Akaiweka mezani mchana kweupe, akina mama wamejaa kwenye benchi, na alipokuwa akiipangusa vumbi la safari harufu ile ya maziwa ikampanda puani, sinia ikalia kwi, na mshale ukaanza kuteremka, moja, mbili, tatu, bila haraka yoyote, mpaka ukasimama kwenye tano. Akapiga hesabu ambayo hakuipiga siku ile. Ratili kumi na moja ni kilo tano.

"Sista."

Alikuwa Akeyo, dirishani, na kadi ya mtoto mkononi.

"Nisaidie tu. Hapa wameandika kilo kumi na moja. Lakini mimi ndiye nilimbeba, na alikuwa mwepesi. Alikuwa kilo ngapi?"

Sinia ikainama upande wa dirisha.

Nanyama aliutazama mshale. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, fupi tu. Akawakumbuka wale saba.

"Kumi na moja, mama."

Akeyo akashukuru. Jamani, akashukuru! Akaikunja kadi vizuri, akaenda zake.

Sinia ikabaki imeinama. Na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, Nanyama akaita mtoto wa kwanza aje apimwe.