Mkono Uliokufa Ganzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shoto alikuwa darasa zima. Alikaa kwenye kigoda jikoni, mikono ndani ya beseni la vyombo, huku mama yake mdogo akisimama mbele ya mlango wa stoo na kipande cha chaki. Mlango ule ulikuwa umepauka kwa kuandikwa na kufutwa. Mama yake Shoto akipita na birika la chai alikuwa akisema, "Samahani mwalimu, naomba njia," na wote watatu wakicheka.

Siku hizi hakuna aliyecheka.

Mama mdogo alikuwa akisomea ualimu wa jiografia wa sekondari. Chuo kilikuwa kimempeleka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule anayosoma Shoto, tena akapewa darasa lilelile la kidato cha kwanza. Nyumbani alikuwa Mamdogo, shuleni alikuwa Mwalimu, na ole wake Shoto achanganye. Mwaka uliopita aliyafanya mazoezi hayo shule nyingine, akaanguka. Chuo kilimwambia bila kumung'unya maneno: akianguka tena, afungashe virago.

Aliyemwangusha alikuwa mkufunzi mmoja ambaye wanachuo walimbandika jina la Nyundo. Hakuwa na kawaida ya kusema anakuja lini. Mlango unafunguliwa, anaingia, anakaa nyuma ya darasa, anakutazama.

"Yule mtu akikukazia macho," alisema Mamdogo, "hata jina lako mwenyewe unalisahau."

Asubuhi hiyo alichora duara mlangoni, ndani yake duara lingine, na ndani yake jingine tena. "Mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Umeelewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Mamdogo."

Hakuwa ameelewa hata chembe. Alichoona yeye ni kitunguu kilichokatwa katikati. Lakini aliona pia kikombe cha chai kilichopoa bila kuguswa. Akaona kusema "sijaelewa" ni kumtwisha mzigo mtu aliyekwisha kulemewa.

Kipindi cha jiografia kilipofika, Mamdogo aliingia darasani, akafunga mlango, akachungulia dirishani kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikilizeni. Leo huenda tukapata mgeni. Nikiuliza swali, nyote nyoosheni mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!" Darasa lilichangamka kama limepewa mchezo mpya.

Mamdogo akapita karibu na dawati la Shoto, akainama. "Swali la kwanza nitakuita wewe. Ni lile la 'ramani ni nini?' Mkono wa kulia, usije ukaniangusha."

Mvulana wa dawati la nyuma, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimgonga Shoto begani. "Umekwisha! Mkono wako wa kujua ndio wa kutojua."

Redio alisema kweli. Mkono wa kushoto ndio ulioandika, ulioshika kijiko, uliotangulia mbele kila akiitwa. Je, ukichomoka wenyewe? Mamdogo atafungashiwa virago kwa sababu ya mkono wake! Basi akausukuma chini ya paja, akaukalia.

Pikipiki ikasikika nje, ikazimwa. Mlango ukafunguliwa.

Nyundo alikuwa mzee mfupi mwenye sweta lililochakaa viwiko. Alisalimia, akaenda nyuma, akakaa kimya. Kimya chake ndicho kilichotisha zaidi. Shoto alihisi macho yale kisogoni, akazidi kuukalia mkono. Mamdogo alifuta ubao uliokuwa safi.

"Ramani ni nini?"

Mikono yote ikapaa. Shoto akanyoosha wa kulia, akaitwa, akajibu bila kukosea. Mamdogo alishusha pumzi.

"Vizuri sana. Sasa, mistari ya kontua ikikaribiana sana kwenye ramani, inatuonyesha nini kuhusu mahali hapo?"

Mikono ikapaa tena. Shoto hakujua. Wa kushoto, alijikumbusha, sasa ni wa kushoto. Akauvuta kutoka chini ya paja, na mkono haukuja. Ulikuwa umekufa ganzi, mzito kama si wake. Akatazama huku na huku: darasa zima limenyoosha mikono isipokuwa yeye, na mgeni yuko nyuma. Hofu ikampanda. Kabla hajajua anafanya nini, mkono wa kulia ulikuwa juu.

Mamdogo akatabasamu, akamchagua.

Shoto akasimama. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Tabasamu la Mamdogo likafifia taratibu.

"Binti," sauti ikatoka nyuma, ya upole kuliko alivyotarajia. "Ulinyoosha mkono kwa nini kama hujui?"

"Nime... nimekosea mkono."

"Mkono unakosewaje?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Shoto: nimesahau jibu. Maneno mawili tu, na mambo yangekwisha. Lakini je, mkufunzi akimwita mwingine, naye akakosa? Naye adanganye? Akamtazama Mamdogo, machozi yakamlengalenga.

Mamdogo akaweka chaki chini.

"Mwache, Mkufunzi. Kosa si lake. Niliwaambia wanaojua wanyooshe wa kulia, wasiojua wa kushoto, ili uone wote wanajua. Niliogopa. Ni mimi."

Nyundo hakufoka. Alisimama, akawageukia wanafunzi. "Ambao hawajaelewa kontua, mkono juu. Mkono wowote."

Ukapanda mmoja. Ukafuata mwingine. Mwisho mikono ya karibu darasa zima ilikuwa juu, na Redio mikono yote miwili.

"Mwalimu," alisema Nyundo, "kipindi hakijaisha. Hili ndilo darasa lako." Akakaa.

Mamdogo alisimama kama mtu aliyesahau mlango uko wapi. Kisha akamfuata Shoto dawatini. "Hujaelewa wapi?"

"Pale mwanzo. Kwenye maduara."

"Tangu kipindi kianze?"

"Tangu jikoni."

Darasa likaangua kicheko, na Mamdogo naye, japo macho yake yalikuwa na maji. Akafikiri kidogo. "Redio, niletee beseni la kufulia madekio na ndoo ya maji. Nyie wengine, udongo pale nyuma ya darasa. Haraka!"

Alifinyanga mlima ndani ya beseni: upande mmoja umesimama kama ukuta, mwingine umelala. Akamimina maji kidogo. "Shoto, chora kwa ukucha pale maji yalipoishia, uzunguke mlima wote." Mkono wa kushoto ulikuwa umeamka sasa, ukiwashwawashwa, nao ndio uliochora. Maji yakaongezwa, akachora tena, na tena. Halafu Mamdogo akasema, "Sasa simameni juu yake, mtazame chini."

Vichwa vikagongana.

"Mbona huku mistari imebanana?" aliuliza Redio.

Shoto alitazama. Kile kitunguu cha mlangoni kikageuka mlima mbele ya macho yake. "Kwa sababu huku ni mteremko mkali! Kule umelala, ndiyo maana imeachana!"

Baadaye, Shoto akimwaga maji barazani, alimsikia Nyundo akizungumza na Mamdogo.

"Leo sikupi alama. Kwa ulichofanya mwanzo ningekuangusha. Kwa ulichofanya mwisho, nitarudi. Mwaka jana hukuanguka kwa kutojua jiografia. Ulianguka kwa kuufundisha ubao. Mwalimu akiwaficha wasiojua, atamfundisha nani?" Kisha akamgeukia Shoto. "Na wewe, binti, ukiitikia 'ndiyo' huku hujaelewa, unamfungia mwalimu wako mlango. Atakusaidiaje?"

Alirudi kweli, siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Hofu nayo ilimrudia Shoto. Mamdogo alipofika katikati ya somo la mito akauliza, mbele ya mgeni, "Nani hajaelewa?"

Shoto hakuwa ameelewa. Akanyoosha mkono wake, wa kushoto, ule ule wa kila siku.

"Haya, Shoto," alisema Mamdogo. "Tuanzie hapo."

Kipindi kilipokwisha, Nyundo alimpa Mamdogo mkono na kumwambia, "Karibu kazini, Mwalimu."

Kesho yake asubuhi jikoni chai ilinywewa ikiwa ya moto. "Uliponyoosha ule mkono wa kushoto nilitamani ardhi inimeze," Mamdogo alisema, akimwongezea Shoto chai. "Lakini usiache kuunyoosha, mwanangu. Kutojua si aibu. Ukificha kwamba hujui, hapo ndipo unapobaki hujui."

"Samahani walimu," mama yake akasema nyuma yao, birika mkononi. "Naomba njia."