Wimbo wa Langoni

Kila alasiri Ugoye alipotoka shule alijitwisha sinia la okpa na kwenda soko la Kambi ya Makaa, pale Enugu. Okpa hizo zilipikwa na mama yake kwa unga wa njugu mawe, na wanaume waliotoka mgodini walizigombania zikiwa bado za moto. Rafiki yake Ojiugo aliuza karanga kando yake.

Siku moja soko lilipoa. Ojiugo akaanza uchokozi.

"Eti wewe nawe unajua kuimba! Sauti yenyewe ya mbuzi."

"Mbuzi wewe! Hebu sikiliza."

Ugoye akachukua kopo, akaligonga polepole, akaimba wimbo ambao wachimbaji huimba wakimtoa mwenzao aliyeangukiwa na mwamba. Aliusikia mara moja tu, msimu wa mvua, akaupenda. Aliuimba vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza.

Ng'ambo ya pili ya soko mwanamke akapiga yowe. "Wamekufa! Mgodini wamekufa!"

Soko zima likatimka. Mihogo ikamwagika, watoto wachanga wakalia migongoni. Mama Nnaji, mwenye mimba ya miezi minane, alikimbia akimwita mumewe, akaanguka mtaroni.

Kwenye lango la mgodi waliwakuta wanaume wazima wa afya, weusi kwa vumbi, wakishangaa.

"Nani kafa?"

"Nyinyi ndio mtuambie!"

Hofu ikageuka hasira. Mtu akasema wimbo ulitokea kwa wauza karanga. Ojiugo akavutwa sikio hadi mbele ya watu. Alilia, akamtazama Ugoye, lakini hakumtaja. Ugoye akaangalia miguu yake. Angenyamaza, nani angejua? Uso ulimwaka moto kama amepakwa pilipili.

"Mwacheni," akasema mwishowe. "Ni mimi niliyeimba."

Baba yake alikuwa katikati ya wale wachimbaji. Hakumgombeza. Alivua kofia, akainamisha kichwa mbele ya wenzake. Ugoye aliona heri angepigwa.

Mzee Anikwe, anayeongoza nyimbo mgodini, akamsogelea.

"Mwanangu, zamani mtu akifia chini, wakubwa wa mgodi walificha mpaka jioni. Mke anapika, kumbe anampikia maiti. Tukagoma siku tisa, tukala majani, mpaka wakakubali tuimbe langoni ili nyumbani wajue. Leo umeuimba kwa mchezo. Siku tukiuimba kweli, nani atakuja mbio?"

Ugoye akaenda nyumba kwa nyumba, Ojiugo akifuatana naye. Kwenye kila mlango alisema: "Hakuna aliyekufa. Ni mimi niliyeimba. Nisameheni." Wengine walimtukana. Mmoja alimfungia mlango usoni.

Mama Nnaji alikuwa amelala, goti limefungwa kitambaa. Mkunga alikwisha kusema mtoto yu salama. Ugoye akapiga magoti, akaomba msamaha huku akilia.

"Nilidhani nimekuwa mjane," Mama Nnaji akamwambia. "Umenitia hofu ambayo sitaisahau. Lakini umekuja mwenyewe, hukumwachia mwenzako aibu yako. Kwa hiyo siku wimbo huo ukiimbwa tena nitakimbia, maana aliyeimba kwa mchezo amejitaja. Ungenyamaza, tusingeuamini tena. Haya, inuka, nisogezee maji."

Ugoye akafuta machozi, akamletea maji.